Kiapo cha Mtu Asiye na Kitu

Karani wa hesabu wa gereza lile aliitwa Muhuri, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Hakuna karatasi iliyotoka nje ya kuta zile bila yeye kuigonga. Alikuwa na mihuri saba, ameipanga mezani kama askari wa gwaride, na mfungwa aliyefika dirishani kwake aliitazama mihuri kwanza kabla ya kuutazama uso wa mwenyewe, maana uso haukuwa na habari yoyote.

Jumatatu moja asubuhi, Fundi alisimama mbele ya dirisha hilo, mguu wa kushoto ameuinua kidogo kama kuku aliyeloa. Alikuwa fundi viatu tangu ujana wake, na kwa miaka sita alikuwa ameshona buti za askari katika karakana ya gereza. Mtu angedhani kwamba anayeijua miguu ya watu vile hawezi kushindwa na wa kwake. Lakini kisukari hakiulizi mtu kazi yake. Kidonda kilianza chini ya kidole gumba, kidogo kama punje ya mtama. Sasa kilikuwa shimo la kuingia ncha ya kidole, na harufu yake ilimtangulia mlangoni.

Alikuwa amepelekwa hospitali mara moja tu. Daktari aliandika kwamba mgonjwa arudishwe baada ya wiki mbili. Ile karatasi ya daktari ikalazwa katika faili la gereza, na huko ikalala miezi mitano. Kila alipouliza aliambiwa gari ni bovu. Gari likipona, askari wa kumsindikiza hayupo. Askari akipatikana, mafuta hakuna. Zahanati ya gereza ikampa vidonge vya maumivu na dawa nyekundu ya kupaka, na mganga wa pale akamwambia amshukuru Mungu kwamba bado anatembea.

Fundi alikuwa anamshukuru Mungu, asubuhi na jioni. Lakini alijua pia kwamba mtu haombi mvua kisha akaacha mtungi ndani. Akachukua kalamu, akaandika kurasa nne kwa mkono wake mwenyewe, akamshitaki mkuu wa gereza kwa kumnyima haki yake ya kutibiwa. Hakudai fidia. Aliomba jambo moja tu: mahakama iamuru apelekwe hospitali kabla mguu haujaoza.

Jibu la gereza lilikuja kabla ya jibu la mahakama. Wiki ile ile aliondolewa karakana, kwa maneno kwamba mgonjwa hafai kufanyishwa kazi, na kale kaujira kake ka shilingi mbili kwa juma kakakatika. Kisha mahakama nayo ikaandika. Ada ya kufungua kesi ni mia nne. Asiyekuwa nayo anaweza kuomba msamaha wa ada, kwa sharti kwamba ale kiapo kuwa akaunti yake ya gerezani haifiki ishirini, na karani wa gereza apeleke taarifa ya akaunti hiyo mahakamani ndani ya bahasha iliyofungwa. Yaani anayeshitakiwa ndiye anayeshika kalamu ya kuthibitisha umaskini wa anayemshitaki. Fisi kapewa kazi ya kuhesabu mbuzi.

Ndiyo sababu Fundi alikuwa dirishani.

Aliamkia kwa heshima, akaomba fomu. Muhuri akaisukuma kwa kidole kimoja, kana kwamba ina upele. Fundi akauliza kwenye akaunti yake kuna kiasi gani.

"Wewe ndiye unayeapa au mimi?" Muhuri akasema. "Andika unachokijua."

Fundi alichokijua kilikuwa rahisi. Ujira umekatika. Dada yake, anayefua mashuka katika nyumba ya wageni, hajaweka kitu tangu mwaka ulipoanza. Sabuni ya mwisho aliipata kwa kubadilisha na mkanda. Hata hivyo hakuandika haraka, kwa maana kiapo kwake hakikuwa karatasi.

Miaka saba nyuma alikuwa amesimama kizimbani, mkono juu, akaapa kwamba ngozi za wizi zilizokutwa dukani kwake zilinunuliwa na mshirika wake. Uongo ule ulimweka mshirika wake mahabusu miezi minane bure. Ukweli ulipotoka, hakimu alimwongezea Fundi miaka miwili juu ya kile kifungo cha ngozi. Ile miwili hakuwahi kuilalamikia. Ile minane ya mwenzake ndiyo iliyompigisha magoti, na hapo magotini alimwahidi Mungu kwamba ulimi wake hautaapa uongo tena, iwe jua iwe mvua.

Basi akainamisha kichwa pale dirishani, midomo ikacheza kidogo. Waliokuwa nyuma yake kwenye foleni wakaguna. Akaandika: sina kitu. Akatia sahihi. Muhuri akagonga, akaikunja karatasi pamoja na taarifa ya akaunti, akaifunga bahasha. Fundi hakuonyeshwa kilichokuwamo, na hakuomba kuonyeshwa.

Barua ya mahakama ilifika baada ya wiki tano. Aliisoma uani, akairudia, kisha akaketi chini juani bila kujali askari waliokuwa wanapita. Mahakama ilisema kwamba siku ile alipoapa hana kitu, akaunti yake ilikuwa na sitini na sita. Ilisema pia kwamba kumbukumbu zinaonyesha mlalamikaji amewahi kuadhibiwa kwa kuapa uongo. Anapewa siku saba aeleze fedha hizo zilitoka wapi na ziliwekwa na nani, mmoja mmoja kwa jina. Asipoeleza, kesi itafutwa.

Alikwenda kwa Muhuri akichechemea, akamwekea barua mezani. Muhuri hakuhangaika kuisoma. Akaligeuza daftari, akamwonyesha. Wiki ile ile ya kiapo, siku tatu kabla, kulikuwa na mistari kumi na mmoja, kila mmoja sita, zote zimepokelewa getini. Kwenye safu ya aliyeleta iliandikwa neno lile lile mara kumi na moja: jamaa.

"Kumbe una ukoo mkubwa," Muhuri akasema.

Fundi akamuuliza kwa nini hakumwambia.

"Nilikwambia uandike unachokijua, nawe ukaandika unachokijua. Hukukosea. Na mimi sikukosea. Wa nyuma yako apite."

Hasira aliyotoka nayo hapo, angeweza kushonea buti bila msharasi wa kutobolea ngozi. Lakini njiani iligeuka upande, kwa sababu watu kumi na mmoja si hesabu ya kubahatisha. Kikundi cha maombi, ukimtoa yeye, kilikuwa na watu kumi na mmoja kamili.

Walikuwa wanakutana kila alasiri katika ghala lililo nyuma ya jiko, juu ya magunia matupu. Kiongozi wao alikuwa mzee mmoja mpole aliyeitwa Mzee wa Amina, kwa kuwa amina yake ilitoka kabla dua haijaisha. Alasiri ile Fundi hakusubiri dua. Aliweka barua katikati yao na kuwauliza ni nani kati yao anayemwua.

Mzee wa Amina alipoelewa, uso wake ulianguka. Akaeleza yote. Waliona ndugu yao anadaiwa ada asiyoiweza, kila mmoja akamwomba mgeni wake wa siku ya kutembelewa alipe sita pale getini kwa jina la Fundi, ajitaje kuwa jamaa yake. Walikusudia kuendelea hivyo kila mwezi mpaka mia nne itimie. Hawakumwambia kwa sababu sheria ya kikundi ilikuwa moja tangu kianze: sadaka ni siri, mkono wa kulia ukitoa, wa kushoto usijue. Hata wao kwa wao hawakuwa wameulizana nani katoa na nani hajatoa.

"Mkono wa kushoto haukujua," Fundi akasema, "na mguu wa kushoto ndio utakaolipa."

Wengine waliinamisha vichwa. Aliyekuwa karibu na mlango alicheka kidogo, akajizuia. Ndipo Fundi akawaambia mahakama inataka majina, na anaomba ruhusa ya kila mmoja wao amwandike.

Pale ndipo udugu ulipoanza kuchanika mshono kwa mshono. Kila mtu mle alijua sheria ya geti. Fedha za mfungwa huletwa na ndugu wa mfungwa huyo tu. Anayemlipia mwingine kwa kudanganya ukoo hufungiwa geti miezi sita, na mfungwa wake hukaa miezi sita hiyo bila mgeni, bila barua. Wa kwanza akasema mke wake ni mjamzito, akijifungua ataletaje mtoto aonwe na baba yake. Wa pili akasema mama yake ni mgonjwa, akifungiwa geti hatamwona tena hapa duniani. Wa tatu hakutoa sababu. Alisema tu kwamba jina lake likionekana kwenye karatasi hiyo, Fundi atatafuta mahali pengine pa kulala.

"Tulikupa mkate," akaongeza, "sasa unataka na mkono."

"Mkate wenyewe umenikaba," Fundi akamjibu.

Akamgeukia Mzee wa Amina. Mzee alivuta nyuzi za gunia alilokalia. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye aandikwe, hana neno, ila iwe baada ya mwezi ujao. Binti yake, ambaye hakumtia machoni kwa miaka minne, alikuwa amekubali kuja mwezi ujao.

"Mahakama imenipa siku saba, mzee wangu."

Mzee akaanza kukunja magunia. Siku hiyo hakukuwa na amina.

Kuanzia kesho yake watu waliokuwa wanamwita ndugu waliacha kumwita kabisa. Alipoingia ghalani walinyamaza. Katika selo walimolala wote, mkeka wake aliukuta umesogezwa mpaka kando ya choo, na hakuna aliyejua umesogezwa na nani. Walikuwa wanamwogopa, na mwoga akiogopa muda mrefu huanza kuchukia, ili hofu yake ipate heshima.

Siku ya nne dada yake alikuja. Walizungumza kupitia wavu, askari amesimama hatua mbili kutoka kwao. Dada alikuwa ameshafika mwenyewe kwenye masjala ya mahakama, akapanga foleni asubuhi nzima, na karani wa huko akamwambia kwamba kesi za wafungwa hazifi kwa hoja, zinafia dirishani. Akataka kumwona kaka yake amevua soksi. Fundi akakataa. Dada akasema haina haja, harufu ameshainusa.

"Andika majina," akasema. "Wao watakosa wageni, wewe utakosa mguu. Hiyo hesabu hata mbuzi anaijua."

"Hawa watu walinitendea wema, dada."

"Wema gani wa kujificha? Mtu akinitendea wema anigongee mlango, nimwone uso, nimwambie asante au nimwambie ondoka."

Fundi akarudi selo na maneno hayo. Usiku ule hakulala, na asubuhi ya siku ya tano alichukua karatasi, akaandika majina matano. La sita lilikuwa la yule mwenye mke mjamzito. Hapo kalamu ikagoma. Alimkumbuka mshirika wake akitolewa mahabusu baada ya miezi minane, amekonda, akipita mbele yake kwenye korido ya mahakama bila hata kumtemea mate. Alishawahi kununua nafuu yake kwa mlango wa mtu mwingine kufungwa, na bei yake alikuwa anaijua. Akaichana karatasi vipande vidogo, akavimwaga chooni. Choo angalau kilikuwa karibu.

Selo yao ilikuwa na mtu mmoja asiyeomba wala kusali, dereva wa lori aliyefungwa baada ya lori lake kushuka mlima bila kusimama. Walimwita Breki. Yeye na kikundi cha maombi walikuwa paka na panya. Wakiimba, yeye hupiga chafya. Wakifunga, yeye hutafuna kwa sauti. Alikuwa amemtazama Fundi akichana karatasi, na mwishowe akajiburuta mpaka kando ya choo, akachuchumaa.

"Niandike mimi," akasema.

Fundi akadhani anadhihakiwa kama kawaida, lakini Breki hakuwa anacheka. Akaeleza mpango wake kwa utulivu, kama mtu anayeeleza njia ya mkato. Fundi aseme fedha zote alizitoa Breki, kidogo kidogo mara kumi na moja, kwa mkono wa mjomba wake. Yeye hajawahi kupata mgeni hata mmoja tangu afungwe, kwa hiyo wakimnyima wageni wamemnyima hewa ambayo haivuti.

"Na mjomba wako watamfungia geti."

"Mjomba wangu alikufa zamani. Wamfungie watakavyo."

Fundi alicheka, mara ya kwanza kwa siku nyingi, kisha kicheko kikakatika. Hapo mbele yake palikuwa na mguu wake, mzima, kwa bei ya mistari minne ya uongo. Mahakama ingeamini. Muhuri asingeweza kuthibitisha vinginevyo bila kueleza kwa nini alipokea fedha za watu kumi na mmoja akijua. Hakuna ambaye angeumia. Aliukunjua mguu, akautazama. Akaomba Mungu amwonyeshe mlango mwingine, akasubiri, na mlango mwingine haukuonekana.

"Siwezi kuapa hivyo," akasema.

Breki alimtazama kama mtu anayetazama gari linaloteremka peke yake.

"Uliapa ukweli, wakasema uongo. Sasa apa uongo, waseme ukweli. Shida iko wapi?"

"Iko kwangu."

"Mguu nao uko kwako." Breki alisimama, na sasa sauti yake ilikuwa na chuki kabisa. "Nimewacheka hawa wenzako miaka mitatu, lakini wao wanajipenda, naelewa. Wewe sikuelewi. Huyo Mungu wako unadhani anataka mguu wako afanyie nini?"

Alirudi kwenye mkeka wake, akageukia ukutani, na tangu siku hiyo hakumsemesha.

Siku ya saba Fundi aliandika maelezo yake. Yalikuwa mafupi. Fedha zilikuwamo na mimi sikujua kama zimo. Ziliwekwa na watu walionionea huruma, bila kunijulisha. Siwataji, kwa sababu wataadhibiwa na huyo huyo ninayemshitaki. Karani wa gereza alijua na alinyamaza. Hayo ni kweli tupu, Mungu anisaidie. Muhuri aliyasoma kwanza, alipofika penye jina la kazi yake akainua nyusi, kisha akagonga kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Uamuzi ulikuja baada ya siku kumi. Maelezo ya mlalamikaji hayatoshelezi. Ombi la msamaha wa ada limekataliwa, kesi imefutwa. Kuhusu mguu hapakuwa na neno hata moja, kwa kuwa mahakama haikufika huko. Mlalamikaji yuko huru kuifungua upya kwa kulipa ada kamili. Sitini na sita zilizo kwenye akaunti zichukuliwe na mahakama kama sehemu ya ada ya kesi iliyofutwa, na hazitarudishwa.

Homa ilimwangusha wiki tatu baadaye, mchana, akiwa kwenye foleni ya chakula. Siku hiyo gari halikuwa bovu. Askari wa kumsindikiza walipatikana wawili, na mafuta yalikuwamo. Hospitali wakamkata chini ya goti.

Aliporudi kwa magongo, baada ya siku ishirini, mkeka wake ulikuwa umerudishwa mahali pake pa zamani, katikati. Mzee wa Amina alimfuata uani, macho mekundu, akaanza kuomba msamaha kwa maneno mengi. Fundi alimwacha aseme mpaka maneno yakamwishia.

"Binti yako alikuja?" akamuuliza.

"Alikuja."

"Basi."

Mzee akataka kumshika mkono. Fundi hakuutoa. Alimwambia awape ujumbe wenzake wote: yeye hana kesi nao, ila mtu yeyote asimpe kitu, iwe fedha, iwe sabuni, iwe kwa siri au hadharani. Anayemchukia ndiye ampe. Kisha akaelekea jengo la ofisi, gongo mbele, gongo nyuma, akapanga foleni.

Zamu yake ilipofika aliamkia kwa heshima ile ile, akaomba fomu ya msamaha wa ada. Muhuri akamtazama kutoka kichwani hadi pale mguu ulipoishia.

"Kesi ya nini tena? Mguu si ulishakatwa?"

"Kuna wa kulia," Fundi akasema. "Kidole cha pili kimeanza."

Fomu ikasukumwa kwa kidole kimoja. Fundi hakuigusa. Akasema kwamba safari hii anataka kwanza kuliona daftari. Muhuri akasema mfungwa haonyeshwi daftari kabla ya kuapa. Fundi akasema siku ile ya barua alionyeshwa, kwa hiyo linaonyesheka, na yeye hataondoka. Nyuma yake foleni ikaanza kunung'unika. Mmoja akasema watu wengine wana shida zao pia. Mwingine akauliza kama lile gongo limeota mizizi. Fundi hakugeuka. Aliegemeza kifua kwenye kizingiti cha dirisha ili kuupumzisha mguu uliobaki, akakaa hivyo, na Muhuri akapanga mihuri yake upya, na kuipanga tena, mpaka saa ya chakula ikakaribia na askari wa zamu akaja kuuliza foleni imekwama kwa nini.

Ndipo daftari likageuzwa.

Fundi akasoma kila mstari kwa kidole, kutoka juu mpaka chini, hata mistari isiyokuwa yake. Chini kabisa ya jina lake palikuwa na sifuri. Aliitazama kitambo, akainamisha kichwa, midomo ikacheza. Kisha akaomba kalamu.